Handaki la Burma lililomfuata babu hadi Makueni

KILA mvua ya Novemba ilipoanza kupiga bati usiku, babu yangu alikuwa akitoka kitandani, akivaa koti lake kuukuu la kijani na kwenda kuketi nje chini ya ghala. Aliegemeza mgongo ukutani na kutazama gizani mpaka alfajiri. Sisi wajukuu tuliokwenda Makueni wakati wa likizo ya Desemba tulidhani analinda mahindi dhidi ya wezi. Tulikuwa tukimcheka chinichini, maana mahindi yenyewe hayakuwa mengi.

Babu alifariki mwaka 2009. Susu, kama tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani, alimfuata mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake aliniita jikoni akichambua ndengu, akaniambia kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kuandika, kuna jambo nilipaswa kulijua. Alisema babu hakuwa akilinda mahindi. Alikuwa akisubiri Wajapani.

Nikacheka. Susu hakucheka.

Jambo alilonieleza siku hiyo nimekaa nalo kwa miaka mingi, na sababu ya kukaa nalo msomaji ataiona. Lakini kwanza tuanzie kule ambako mambo yenyewe yalianzia, yaani Kitui ya wakati wa mkoloni.

Babu alizaliwa upande wa kusini wa Kitui, si mbali na Ikutha, nchi ya mibuyu na mito ya mchanga. Huko ukitaka maji unachimba katikati ya mto mkavu mpaka maji yatokeze, nawe unayateka kwa kibuyu, polepole, usije ukayachafua. Alianza kuchimba visima hivyo vya mchanga akiwa mtoto wa miaka sita au saba. Susu alipenda kusema kwamba mumewe alichimba maisha yake yote, mahali pamoja baada ya pengine.

Baba yake, yaani babu yangu mkuu, alikuwa amepitia vita vya kwanza. Mwaka 1917 serikali ilipohitaji wapagazi wa kubebea majeshi mizigo katika Tanganyika ya Wajerumani, machifu waliamriwa kutoa vijana, na Kitui nayo ikatoa wake. Hiyo ndiyo Kariakoo, jina ambalo mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam inalo mpaka leo, ingawa wengi wanaofanya biashara humo hawajui lilikotoka. Mzee huyo alirudi nyumbani hali maelfu ya wenzake hawakurudi. Wengi waliuawa na kuhara, nimonia na njaa kuliko risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wapatao 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina yao. Tume hiyo iliomba radhi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

Basi ungedhani kwamba mtu wa ukoo huo angekimbilia msituni aliposikia tena neno vita. Mambo hayakuwa hivyo, na hapa inabidi nimshike msomaji mkono kidogo.

Katika miaka ya 1930 Ukambani kulikuwa kumechoka. Ardhi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, mifugo ilikuwa mingi na majani machache. Dawa ya serikali ilikuwa kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha nchi tunayoiita Makueni leo, walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akawaongoza watu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumwona gavana na kukaa huko kwa majuma. Serikali ilimkamata Mbingu na kumpeleka uhamishoni Lamu, lakini ilibidi iachane na mpango ule wa kunyang'anya ng'ombe.

Mwaka uliofuata vita vikazuka Ulaya. Serikali ile ile ikaja tena kwa watu wale wale, safari hii ikiomba wana.

Na wana walitoka. Katika vikosi vya KAR, King's African Rifles, Wakamba walikuwa miongoni mwa makabila yaliyotoa askari wengi kupita kiasi cha idadi yao. Maafisa wa Kiingereza walikuwa na imani kwamba kuna makabila yaliyozaliwa na vita damuni, na Wakamba wakahesabiwa humo. Mimi naona hesabu yenyewe ni rahisi zaidi. Mahali ambapo hakuna kahawa ya kuuza, mvua haina uhakika na kodi ni lazima ilipwe, mshahara wa jeshi, suruali, blanketi na nyama ni mambo ambayo kijana wa miaka 18 hayakatai. Isitoshe, askari aliweza kuacha sehemu ya mshahara wake ilipwe jamaa zake kupitia ofisi ya DC. Mama aliyekuwa akipokea shilingi hizo mjini Kitui alikuwa mtu wa kuonewa wivu.

Babu alijiandikisha pamoja na kijana wa kijiji cha jirani, rafiki aliyetahiriwa naye. Sitamtaja jina, kwa heshima ya jamaa zake walio hai. Walipanda lori moja, wakapimwa siku moja, na nambari zao za jeshi zilifuatana.

Kutoka Mombasa walivushwa bahari mwaka 1943 hadi Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifundishwa kupigana msituni. Alama ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru, nayo ilikuwa na askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walizungumziana kwa Kiswahili cha jeshi, Kiswahili kile cha amri ambacho Mswahili wa Lamu akikisikia anaziba masikio. Mara kwa mara waliletewa gazeti lao, Heshima, na waliojua kusoma waliwasomea wenzao.

Wakiwa bado Ceylon, walipata habari kwamba meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa imezamishwa. Ilikuwa tarehe 12 Februari, 1944. Manowari ya Kijapani ya chini ya maji iliipiga kwa makombora karibu na visiwa vya Maldives, na meli hiyo ikazama kwa muda wa chini ya dakika mbili. Karibu watu 1,300 walikufa, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Babu alikuwa na binamu katika meli hiyo. Susu alisema hiyo ndiyo siku ambayo vijana wale wawili waliacha kuiona safari yao kama matembezi.

Katikati ya mwaka huo walipelekwa India, hadi Imphal, ambako Wajapani walikuwa wamezingira jeshi la Uingereza kwa miezi mitatu na kushindwa. Kazi ya Waafrika ilikuwa kumfuata adui aliyekuwa akirudi nyuma, wakati wa mvua kubwa za nchi hizo, kupitia bonde linaloitwa Kabaw. Wengine walikuwa wakiliita Bonde la Mauti hata kabla ya vita, kwa sababu ya malaria na homa kali inayoletwa na utitiri wa majanini. Askari walimezeshwa vidonge vya mepakrini kila siku mpaka weupe wa macho yao ukawa wa manjano. Mapema Agosti walifika mji wa Tamu, wakaukuta umejaa maiti za Wajapani waliokufa kwa njaa na maradhi, wengine wakiwa wameketi.

Barabara ikawa tope. Malori yalizama hadi kwenye mabodi, chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege kwa miavuli. Mara miavuli ilinasa juu ya miti, mara ilianguka kwa adui. Kijana wa Ikutha, aliyezoea kuhesabu matone, sasa alikuwa hana kitu kikavu mwilini kwa majuma mengi.

Maisha ya handakini

Watu wengi wakisikia vita vya mahandaki hufikiria Ufaransa ya mwaka 1916, mitaro mirefu ya maili nyingi. Handaki la Burma lilikuwa dogo zaidi na la upweke zaidi. Kila jioni, popote jua lilipowakuta, askari walichimba shimo la watu wawili, la kufika kifuani, kwa jembe dogo la jeshi. Mmoja alilala akiwa amekunja magoti, mwingine alikesha, kisha wakapokezana. Kabla ya jua kutua na kabla ya jua kuchomoza wote walisimama bunduki mkononi, kwa maana hizo ndizo saa ambazo adui alipenda kushambulia.

Shimo lilijaa maji. Ruba waliingia viatuni na kunyonya mpaka wakaanguka wenyewe kwa shibe. Usiku Wajapani walikuja karibu, wakapiga kelele, wakagonganisha mianzi na kurusha risasi ili Waafrika wajibu na kuonyesha walipo. Amri ilikuwa usijibu. Kwa hiyo mtu alikaa kimya ndani ya maji, akimsikia mwenzake akipumua, akisikia kitu kinachotambaa majanini asijue ni mtu au ni mnyama.

Wajapani nao walikuwa mafundi wa kuchimba. Walichimba chini ya mizizi ya miti mikubwa, wakaezeka kwa magogo na udongo, wakaacha tundu la kutolea mdomo wa bombomu. Ungeweza kupita hatua kumi mbele yake usilione. Kuwatoa humo kulitaka mizinga, ndege, na mwishowe vijana wa kwenda kwa tumbo wakiwa na mabomu ya mkono. Babu alikuwa mmoja wa waliokwenda kwa tumbo. Sehemu hiyo hakuwahi kumsimulia hata susu, ila kwamba aliirudia ndotoni na kuamka amekaba shuka.

Jambo alilolisimulia, mara moja tu, mwaka ambao mtoto wao wa kwanza alizaliwa, ni usiku mmoja wa Oktoba, 1944.

Zamu ya kukesha ilikuwa yake. Rafiki yake alikuwa amelala miguuni pake. Makombora ya mota yakaanza kuanguka, kwanza mbali, kisha karibu. Moja likaanguka kando ya shimo lao. Babu alirushwa nje. Alipopata fahamu masikio yalikuwa yakilia na mahali palipokuwa na handaki palikuwa na tope tupu, limejifunika kama mtu anavyofunika mbegu.

Alichimba kwa mikono. Susu aliniambia alichimba kwa namna ile ya mto wa mchanga, akivuta udongo kuelekea kwake, lakini tope lile liliteremka tena kila alipoliondoa. Alifika kwenye mkono. Aliushika. Ndipo sajini alipokuja kumvuta, kwa sababu amri ilikuwa imetoka kwamba watu warudi nyuma mara moja kabla hawajazingirwa, na sajini hakuwa na nafasi ya kubishana. Walimburura.

Siku tatu baadaye kikosi kilipita tena sehemu zile kwa njia nyingine. Hawakupata kulifikia shimo lile.

Mkono ule, babu alimwambia mkewe, ulikuwa na joto. Hakujua kama ni joto la mtu aliye hai, au ni la mtu aliyekufa sasa hivi, au ni la mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo lililomtoa kitandani kila mvua iliponyesha.

Vita vilisonga mbele bila kuwangoja. Kati ya Novemba, divisheni ya Waafrika ilikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 huko Kalemyo, na tarehe 2 Desemba ikaingia Kalewa kando ya mto Chindwin. Wahandisi wakatandika juu ya mto huo daraja la vyuma la urefu wa futi 1,154, refu kuliko daraja lolote la aina hiyo duniani wakati huo. Vitabu vya vita hivyo hulitaja daraja sana. Kwa waliochimba njia ya kulifikia, mara nyingi hupata mstari mmoja.

Kurudi nyumbani

Babu alirudi Kenya mwaka 1946. Alikuwa na sanduku la bati, medali, koti la kijani, na kiinua mgongo. Kuhusu kiinua mgongo hicho, mwaka 2019 shirika la habari la Al Jazeera lilifichua hati za serikali ya Uingereza zilizoonyesha kwamba kiwango kilipangwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu wa cheo cha chini aliyeishi koloni alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi tatu na nusu. Nilipozisoma habari hizo nilijaribu kukumbuka kama babu aliwahi kulalamikia pesa. Sikumbuki. Pengine hakujua. Alinunua jembe la kukokotwa na ng'ombe, kama walivyofanya askari wengi wa Ukambani waliorudi.

Wazee walimfanyia tambiko la kumsafisha kwa ng'ondu, dawa ambayo Wakamba wa zamani walimnyunyizia mtu aliyegusa damu au mauti, ili asiingie nalo nyumbani. Leo madaktari wana jina refu la ugonjwa wa akili unaomfuata mtu aliyeponea vitani, na wana mahali pa kumketisha azungumze. Mwaka 1946 Kitui kulikuwa na ng'ondu. Sisemi haikusaidia. Susu alisema ilimwezesha kula tena na watu sahani moja.

Lakini kulikuwa na nyumba moja ambayo ilimbidi aiendee. Mama wa rafiki yake alikuwa ameshapata habari kutoka kwa DC kwamba mwanawe amekufa. Hakuambiwa zaidi ya hapo. Alipomwona babu aliuliza swali moja tu: "Ulimzika?"

Babu akajibu, "Ndiyo, mwaitu. Tulimzika chini ya mti mkubwa, kama mukuyu."

Kila Januari tangu mwaka huo babu alikwenda kwa mama yule. Mwanzoni alimpelekea sukari na shuka. Baadaye alipelekea maembe.

Maembe yalitoka Makueni, na jinsi babu alivyofika Makueni ni hadithi yenyewe. Nchi ile ilikuwa msitu wa ndorobo na vifaru, karibu haina mtu. Baada ya vita serikali ilianza kuufyeka ili kuwahamishia humo watu wa vilima vilivyojaa. Mwanzoni Wakamba walikataa katakata. Walisema Mzungu anataka tumsafishie, kisha ataichukua. Nani angewalaumu, walioona mambo ya mwaka 1938? Walioingia mwishoni mwa miaka ya 1940 na baadaye walipewa masharti makali: mifugo kadhaa tu, na kila shamba lichimbwe matuta ya kuzuia udongo.

Babu aliingia mapema miaka ya 1950, kupitia kwa mjomba aliyekuwa amepata shamba. Akachimba. Kuna namna ya matuta ambayo Ukambani inaitwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata ukingo wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu. Mvua kadhaa zikipita, udongo unajipanga wenyewe na shamba linakuwa ngazi. Watafiti walioandika juu ya Machakos wamesimulia jinsi askari waliokwenda India walivyoyaona matuta ya huko na kuja kuyajaribu kwao bila kulazimishwa, wakati ambapo wenzao waliyachukia kwa kuwa yalichimbwa kwa kiboko cha chifu. Baadaye vikundi vya mwethya, kina mama wakiwa wengi, ndivyo vilivyochimba vilima vizima wakiimba.

Babu hakupenda kuchimba na watu. Alichimba peke yake, asubuhi na mapema, na hakuruhusu mtoto yeyote aingie mtaroni kabla haujakauka. Baba yangu alichapwa mara moja tu maishani mwake na mzee huyo. Alikuwa na miaka minane, mvua ilikuwa imenyesha, naye alikuwa ameruka ndani ya mtaro akacheza na tope. Baba alikuwa bado anashangaa kiboko kile nilipomweleza maneno ya susu. Alinyamaza, kisha akaenda nje kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungiwa.

Ikutha

Mama wa rafiki alifariki mwaka 1971. Babu hakuacha kwenda. Aliwapelekea maembe ndugu za marehemu mpaka miguu ikamkataa.

Susu aliponieleza, hakuniambia nifanye nini. Aliniambia tu kwamba kule Ikutha bado kuna dada mdogo wa marehemu, kitinda mimba, aliyekuwa msichana mdogo kaka yake alipopanda lori. Mwaka jana niliamua kwenda. Nilikuwa nimelitafuta jina la kaka huyo katika orodha za Tume ya Makaburi, nikalipata. Liko miongoni mwa majina yapatayo 27,000 ya watu wasio na kaburi, yaliyochongwa katika nguzo za mnara wa kumbukumbu huko Taukkyan, nje ya Yangon. Nambari ya jeshi inatofautiana na ya babu kwa tarakimu moja. Jina limeandikwa vibaya, kama karani aliyelisikia kwa sikio la Kiingereza angeliandika.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa umeshachongwa kwenye jiwe, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuusoma, kwamba mtu huyu hana kaburi. Waliokuwa hawajui ni wa kwao.

Siku hizi kuna lami kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui. Nilipanda matatu nikiwa na kiondo cha maembe, nikavuka mto Athi, na njia nzima nilijiuliza nina haki gani ya kumnyang'anya mwanamke wa karibu miaka 90 mti wa kaka yake.

Nilimkuta ameketi kivulini akipepeta. Alipoambiwa mimi ni mjukuu wa nani, alinyoosha mkono na kunigusa uso, kisha akagusa maembe, akacheka. Tulikula muthokoi. Tulizungumza juu ya mvua, ambayo haikuwa imenyesha. Kisha nikamwambia yote, kwa Kikamba changu kibovu cha mtu aliyesomea mjini: kombora, tope, mikono, amri ya kurudi nyuma. Nilitaka kuishia hapo.

"Alipomwacha," akauliza, "alikuwa ameshakufa?"

"Sijui, susu," nikasema. "Hata yeye hakujua."

Alikaa kimya kwa muda mrefu hivi kwamba mjukuu wake alitoka ndani kuangalia kama kuna jambo. Halafu akasema mama yake alijua. Nikamuuliza alijuaje, kwani babu alikuwa amemwambia mti.

"Aliyemzika mwenzake vizuri haji kila mwaka," akasema. "Mama alituambia tusimuulize tena. Alisema huyu naye ni mwanangu, mwacheni alete maembe yake."

Nilimwonyesha jina kwenye karatasi niliyochapisha. Hajui kusoma, akamwita mjukuu wake asome kwa sauti. Msichana alisoma lilivyoandikwa, na bibi yake akamkatiza. Hilo si jina lake, alisema, huyo ni mtu mwingine. Nikaeleza kwamba ni yeye, ni karani aliyekosea, na kwamba Tume hupokea barua za kuomba majina yasahihishwe, mradi kuwe na ushahidi wa jamaa.

Akataka tuiandike saa ile ile. Mjukuu wake, ambaye yuko kidato cha tatu, aliandika kwa Kiingereza kwenye daftari la shule, mimi nikitafsiri, bibi akirudia jina silabi kwa silabi na kukataa mara mbili namna tulivyoliandika. Mara ya tatu alikubali. Tulimpaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba, akakikandamiza chini ya ukurasa, akaniuliza barua hiyo itachukua siku ngapi kufika.